Maswali ya Wasomaji: Kutoka Nyanda za Juu hadi Baharini

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na nyingi zinazunguka jambo moja: mtu anayeishi mamia ya kilomita kutoka Dar es Salaam anaisaidiaje bahari, na anafanya nini kuhusu mabadiliko ya tabianchi mbali na kuimba nyimbo za kupanda miti? Tumejibu kwa vipimo. Wito wa "tutunze mazingira" kila mtu ameshausikia.

*Klabu yetu ya mazingira inataka kusafisha mto ili kuokoa bahari. Mwenzetu mmoja anabisha, anasema taka za Mbeya hazifiki baharini hata siku moja. Nani yuko sahihi?*
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mbeya mjini

Mwenzenu ana hoja, ila ameishika nusu. Inategemea mvua imenyesha upande gani wa mlima. Mto kama Nzovwe unaingia Songwe, na Songwe hiyo inaishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea. Taka ikifika Rukwa ndiyo imefika. Itawadhuru samaki wa Rukwa, haitaonekana kisiwani Mafia. (Msiichanganye na Songwe nyingine, ya mpakani na Malawi, ambayo inaingia Ziwa Nyasa.) Mvua ya Tukuyu hushuka na Kiwira, ikapita chini ya Daraja la Mungu, ikaingia Nyasa, ikatoka kwa mto Shire, ikajiunga na Zambezi na kumwagika baharini huko Msumbiji. Mvua ya Igurusi na Chimala inateremka Usangu, inaingia Ruaha Mkuu, inapita mabwawa ya Mtera na Kidatu, kisha Rufiji, hadi kwenye mikoko ya delta mkabala na Mafia. Ndiyo maana ofisi za mabonde haya zimegawanyika: ya Rukwa iko Mbeya, ya Nyasa iko Tukuyu, ya Rufiji iko Iringa.

Hata chupa iliyodondoka upande wa Usangu ina vikwazo vingi njiani: matete ya kinamasi cha Ihefu, kisha mabwawa. Kinachofika baharini bila kuzuiliwa na yeyote ni moshi. Bahari inameza karibu robo ya kaboni dayoksaidi inayotokana na shughuli za binadamu, pamoja na asilimia 90 hivi ya joto la ziada. Gesi hiyo ikiyeyuka kwenye maji huyaongezea asidi. Kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1, kwa macho ni kidogo, lakini kwa jinsi kipimo hicho kinavyohesabiwa ni ongezeko la asidi linalokaribia asilimia 30, na matumbawe na kome hujenga mifupa na magamba yao kwa shida zaidi. Joto nalo linaua moja kwa moja: mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata moto kupita kawaida, matumbawe mengi ya Mafia yalipauka na kufa.

Safisheni mto, lakini kwa ajili ya watu wanaochota maji hayo. Mkimaliza, msichome taka mlizokusanya. Zitengeni kwa aina na kuzipima kwa mizani. Rundo zito kuliko yote ndilo litakalowaambia mlango wa kugonga: soko, stendi au shule yenyewe.

*Nalima mpunga ekari tatu, nabandika miche, majaruba yangu yana maji toka siku ya kubandika hadi karibu na kuvuna. Nimesikia kwamba mpunga wangu unatoa gesi na kwamba naukausha mto Ruaha. Nikipunguza maji si nitakosa mavuno?*
Mkulima, Igurusi, Mbarali

Hutakosa, ukikausha kwa kipimo. Ukikausha kwa kukisia, utakosa.

Jaruba likikaa na maji muda wote, udongo unakosa hewa, na bakteria wasiohitaji hewa wanakula mabaki ya mimea na kutoa methani, gesi inayoshika joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dayoksaidi ikipimwa kwa miaka 20. Hewa ikiingia mara kwa mara, bakteria hao wanasimama. Kulowesha na kukausha kwa zamu, ambako ni sehemu ya kilimo shadidi (njia ya kulima mpunga kwa maji machache), kunaweza kupunguza methani hadi karibu nusu, na maji hadi karibu theluthi, bila kupunguza mpunga.

Kifaa chake ni kipande cha bomba la plastiki la inchi 4 au 6, urefu sentimita 30. Sentimita 20 za upande mmoja zitoboe matundu ya milimita 5 kuzunguka pande zote, tundu na tundu zikiachana sentimita 2. Upande huo uzike wote ardhini, sentimita 10 zibaki juu. Chagua mahali pa usawa wa kawaida wa jaruba, pasiwe bondeni wala kwenye kichuguu, na pawe hatua mbili tatu kutoka ukingoni ili ufikie bila kukanyaga mpunga. Toa tope lote lililomo ndani ya bomba. Hapa ndipo wengi wanakosea: bomba likibaki na tope linaonyesha pakavu wakati chini kuna maji, au kinyume chake. Jaribu kwa kujaza jaruba; maji ya ndani na ya nje yakikaa usawa mmoja, bomba linasema kweli.

Wiki mbili za kwanza baada ya kubandika acha maji ya sentimita 2 hadi 5, ili magugu yasikutangulie. Baada ya hapo acha yashuke. Jaruba litakauka juu, pengine na nyufa nyembamba. Usishtuke, mizizi inafuata maji chini. Chomeka fito yenye alama ndani ya bomba, na maji yakifika sentimita 15 chini ya usawa wa udongo, jaza tena hadi sentimita 5 juu. Wiki moja kabla ya kutoa maua hadi wiki moja baada yake usikaushe kabisa. Huo ndio wakati ambao kiu ya siku chache hugeuka mapepe, yaani punje tupu. Maua yakipita endelea na zamu, kisha funga maji siku 10 hadi 14 kabla ya kuvuna.

Urea imwage kwenye udongo wenye unyevu usio na maji yaliyotuama, halafu jaza jaruba mara moja ili maji yaishushe. Ukiimwaga ukaacha jaruba likauke, nitrojeni inabadilika, na utakapojaza tena sehemu yake inaondoka kama naitrasi oksaidi, gesi mbaya kuliko methani. Utakuwa umefukuza nyoka mmoja ukamkaribisha mwingine.

Zipo hali ambazo hatushauri njia hii. Kama majaruba hayajasawazishwa, kona moja itakufa kiu huku nyingine ikiogelea, kwa hiyo sawazisha kwanza. Kama udongo ni wa kichanga, maji yanashuka sentimita 15 kwa siku moja mbili na utashinda mferejini. Na kama zamu yako ya maji inakuja baada ya wiki mbili na haijulikani itakuja lini hasa, usithubutu kukausha mpaka chama chenu cha umwagiliaji kipange ratiba inayoaminika.

Kuhusu Ruaha tuseme wazi. Maji uliyoyaokoa kwako hayafiki mtoni kwa sababu tu umeyaacha. Jirani wa chini atayachukua apanue shamba. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi tangu miaka ya 1990, na maji yanarudi mtoni pale tu lango la mfereji mkuu linapofungwa kwa kiasi kilichookolewa. Hilo ni la kikao, na bomba lako likiwa na rekodi ya tarehe na vipimo, kikaoni utakuwa na cha kuonyesha. Huko chini delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote nchini, na kamba wanaovuliwa pale wanakulia mahali ambapo maji baridi hukutana na ya chumvi.

*Mimi ni mama lishe. Maharage hapa Iringa hayaivi upesi, namaliza mkaa. Wanatuambia tuhamie gesi kwa ajili ya tabianchi. Gesi si inachimbwa ardhini kama mafuta?*
Mama lishe, Iringa mjini

Mama, swali lako la mwisho ni zuri kuliko matangazo mengi. Ndiyo, gesi ya mtungi ni mafuta ya kisukuku. Lakini angalia upande wa pili: tanuri la kienyeji linakula kilo 8 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Kama kuni hizo ni miombo isiyoota tena, hasara ni kubwa kuliko mtungi. Kama ni mkaa wa miwati ya kupandwa kutoka Njombe, inayovunwa na kuota upya, hesabu si mbaya hivyo. Kwa hiyo cha kwanza kujiuliza ni moto kiasi gani unahitajika. Aina ya moto inafuata.

Maharage yako hayachelewi bure. Iringa iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100. Mbeya ni 94, na Makete chini ya hapo. Hata ungechochea vipi, maji yanayochemka hayapandi joto. Yanageuka mvuke tu na mkaa unateketea. Mwenzio wa Kariakoo, Dar es Salaam, anapika kwa joto ambalo wewe sufuria yako haitaliona.

Anza na kuloweka: kilo moja ya maharage kwa lita 3 za maji, saa 8 hadi 12. Mwaga maji hayo, weka mapya. Usiweke nyanya mpaka yaive, kwa sababu uchachu wake unalifanya ganda kuwa gumu. Maharage yakikaa ghalani zaidi ya mwaka yanachelewa sana kulainika hata yakilowekwa. Muulize muuzaji ni ya msimu gani, na ukiona ganda la rangi iliyofifia lenye mikunjo, acha.

Halafu sufuria ya presha. Ikifungwa vizuri joto linapita nyuzi 110, na kasoro ya mwinuko inakwisha. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa dakika 25 hadi 35 badala ya saa mbili au tatu. Ile ya umeme inakula karibu nusu uniti kwa mpiko wa kawaida. Linganisha na bei ya kopo la mkaa mtaani kwako uone mwenyewe. Isijae zaidi ya nusu kwa maharage, maana povu linaziba tundu la mvuke. Mpira wa mfuniko ukikauka au kupasuka mvuke unatoroka na hutapata presha: nunua mpira wa akiba siku ile ile unayonunua sufuria.

Kama umeme unakatika, tengeneza kapu la kupikia bila moto. Chukua kapu kubwa au boksi, jaza blanketi kuukuu, vipande vya sponji au majani makavu, unene usipungue sentimita 10 pande zote pamoja na chini, na tengeneza mto wa kufunika juu. Chemsha maharage yaliyolowekwa yatokote kwa nguvu dakika 15, sufuria ikiwa na mfuniko na imejaa theluthi mbili au zaidi, kisha iweke kapuni bila kufunua, saa 3 hadi 4. Sufuria isiyojaa inapoa haraka. Huo mtokoto wa nguvu usiufupishe: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoharibu tumbo, na joto la uvuguvugu halitoshi kuiua. Kwa mwinuko wenu utahitaji kuirudisha motoni dakika chache mwishoni.

Ukichukua gesi, kagua maungio kwa povu la sabuni kila unapobadili mtungi, kamwe si kwa kiberiti. Na mwezi Juni baridi likikaza, jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Gesi yake haina harufu, na watu hawaamki.

*Napiga mbolea mahindi kila mwaka lakini mvua inaisomba. Natumia mkono, nakisia. Nipunguze kwa kiasi gani?*
Mkulima wa mahindi, Wanging'ombe

Usipunguze kabla hujapima. Kisoda kimoja, yaani kifuniko cha chupa ya soda, kikisawazishwa juu, kinachukua takriban gramu 5. Hakikisha mwenyewe: visoda 100 vikipimwa dukani vitakaribia nusu kilo. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 60, miche miwili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000. Kisoda kimoja kila shimo ni kilo 45, yaani karibu mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari. Ukipanda 75 kwa 30, mche mmoja, mashimo ni 18,000, basi ni nusu kisoda. Wanaotumia ncha za vidole mara nyingi wanawapa mahindi ya mwanzo wa mstari mara mbili ya wanachowapa ya mwisho, mkono ukichoka.

Urea ya kukuzia igawe mara mbili: nusu mahindi yakifika magotini, nusu kabla ya kutoa mbelewele. Chimba kijishimo cha sentimita 5, umbali wa sentimita 10 kutoka shinani, upande wa juu kama shamba lina mteremko, weka, fukia. Urea iliyoachwa juu ya udongo inapotea hewani kama amonia ndani ya siku chache, na mvua kubwa ikija kwanza inaenda nayo mtoni, ambako inalisha mwani badala ya mahindi. Sehemu nyingine inageuka naitrasi oksaidi, ambayo kilo yake moja ina nguvu ya karibu kilo 270 za kaboni dayoksaidi. Urea usiichanganye na majivu wala chokaa. Nitrojeni yake inaruka hewani upesi. Na kama mahindi hayaitikii mbolea hata kidogo, peleka udongo ukapimwe kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya: udongo wetu wa nyanda za juu mara nyingi una asidi, na pH ikiwa chini ya 5.5 unahitaji chokaa ya kilimo kabla ya mfuko mwingine wowote.

Mteremko nao ushughulikie kwa fremu A. Fito mbili za mita 2 zifunge juu, miguu iachane mita 2, fito ya tatu ikatize katikati, kamba yenye jiwe ining'inie kutoka kileleni. Isimamishe juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa fito ya kati. Geuza miguu ibadilishane vigingi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Sasa tembea nayo ukikatiza mteremko, kila kamba inapotulia kwenye usawa piga kigingi. Panda matete mistari miwili kufuata vigingi. Ukisimama kwenye mstari mmoja, ule wa juu yako uwe usawa wa macho. Usiache pengo hata la hatua moja. Maji yote ya shamba yatapita hapo na kuchimba korongo. Zamani tungesema tope hilo linafunika matumbawe. Siku hizi sehemu kubwa itajaa Mtera, Kidatu au Bwawa la Nyerere, na hasara itarudi kwenye umeme.

*Baba aliacha milingoti (mikaratusi) kuzunguka chemchemi, na chini yake tuna vinyungu, bustani zetu za bondeni. Chemchemi inakufa. Tukate yote?*
Msomaji, Kilolo

Msikate yote kwa mara moja, udongo utaporomoka chemchemini. Mwanzoni mwa mvua pandeni kwanza miti ya asili kama mivengi na mikuyu, nafasi ya mita 3 hadi 4, katikati ya milingoti. Kiangazi kinachofuata kateni milingoti iliyo karibu zaidi na maji. Mlingoti haufi kwa kukatwa: menyeni gome la kisiki hadi ardhini na mvunje maotea kila mwezi mpaka yaishe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto au chanzo cha maji, kwa hiyo kinyungu kilicho ndani ya hapo kirudi nyuma.

Vinyungu vingine msivikaushe kwa mitaro mirefu. Ule udongo mweusi wa bondeni ni mimea iliyokusanyika miaka mingi bila hewa. Ukikauka unaoza, unashuka kimo, na kaboni yake inaondoka. Wekeni kizuizi cha udongo na mawe mtaroni ili maji yabaki sentimita 20 hadi 30 chini ya mizizi ya mboga.

*Viriba (vifuko vya plastiki) vya miche ya parachichi tuvichome?*
Mwenye kitalu, Rungwe

Hapana. Mwagilia mche saa chache kabla ya kupanda, bana kiriba kwa viganja, kishikilie chini na uvute. Udongo ukiwa na unyevu kinatoka kizima na kinatumika tena. Kikigoma kichane, lakini kisizikwe na mche: mizizi inajizungusha ndani na mti unadumaa. Chomeka gunia kiunoni upandapo, kila kiriba kiingie humo kabla hujahamia shimo jingine, kwa sababu kikiachwa juani msimu mmoja kinakatika vipande visivyookoteka.

Chupa za dawa za shambani ni habari nyingine. Jaza maji robo, tikisa nusu dakika, mimina kwenye bomba la kupulizia, rudia mara tatu, kisha itoboe kitako. Usiirudishe nyumbani kuwekea mafuta wala ulanzi, hata uioshe vipi.